UZI: Msitu mmoja, mvua moja, udongo mbalimbali. Umbo la ardhi linavyoujenga udongo kutoka Nandi hadi Kano

Mwalimu_Isiukhu

Salamu kwenu nyote. Kila msimu wa kupanda unapokaribia, swali moja hurudi katika jukwaa hili: inakuwaje mashamba mawili yaliyo katika kata moja, yanayonyeshewa mvua ile ile na kupandwa mahindi ya aina moja, yatoe mavuno yasiyokaribiana hata kidogo? Majibu ya haraka hutaja mbegu, mbolea, au uvivu wa jirani. Ninapendekeza tuanze kwingine, yaani tuangalie shamba limekaa wapi kwenye mteremko, kwa kuwa katika nchi yenye mvua nyingi na joto la mwaka mzima, umbo la ardhi ndilo linaloyaelekeza maji, na maji ndiyo yanayoujenga udongo na kuubomoa.

Chukueni mfano wa Msitu wa Kakamega, huku kwetu magharibi mwa Kenya. Haya ni mabaki ya mashariki kabisa ya msitu wa mvua wa Kongo na Guinea, yaliyo kati ya takriban mita 1,500 na 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hupata mvua ya karibu milimita 2,000 kwa mwaka. Anayeutazama kutoka kilima cha Buyangu au Lirhanda huona vilele vya miti tu, akadhani kwamba chini yake kuna udongo wa namna moja. Lakini ukishuka kutoka mgongo wa kilima hadi ukingo wa kijito, mwendo ambao mahali pengi haufiki hata kilomita moja, unakanyaga udongo wa aina tatu au nne.

Juu kabisa, ambako ardhi ni bapa au imeinama kidogo tu, maji ya mvua hayana pa kwenda ila chini. Yamekuwa yakipenya wima kwa maelfu na maelfu ya miaka, yakiyeyusha na kuondoa kalsiamu, magnesiamu, potasiamu, na hatimaye hata silika. Kinachobaki ni kile ambacho maji hayakiyeyushi kwa urahisi: oksidi za chuma na alumini, pamoja na mfinyanzi wa aina ya kaolini, ambao hushika virutubisho kidogo sana. Wataalamu huuita feralsoli. Ni udongo wenye kina kirefu, unaopitisha maji vizuri, unaolimika bila taabu, wenye wekundu wa kupendeza, na ni maskini.

Kwenye mteremko mambo hubadilika. Sehemu ya maji hukimbia juu ya uso, na sehemu nyingine husafiri ndani ya udongo ikifuata mwinamo wa ardhi. Udongo wa juu huondolewa kidogo kidogo, na kwa hiyo mizizi huwa karibu zaidi na mwamba unaooza ambao bado una madini yake. Bondeni, yale yaliyoyeyushwa juu ama hupita ama hutua. Maji yakijaa, hewa hukosekana, chuma hupoteza wekundu wake, na udongo huwa wa kijivu wenye madoa ya rangi ya kutu.

Fikra hii ilizaliwa hapa hapa Afrika Mashariki. Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyekuwa katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Amani, milima ya Usambara, aliuita mfuatano huu katena katika maandishi yake ya mwaka 1935. Alikuwa ameona kwamba udongo wa nchi zetu hauwezi kuchorwa kwenye ramani kwa kugawa maeneo makubwa makubwa, kwani kila kilima hurudia mpangilio ule ule kutoka kileleni hadi bondeni. Ningependa kuwasikia wenzangu wa Nandi, Vihiga, Busia na Kano: kwenu mpangilio ukoje?

Mama_Chai_Nandi

Mwalimu, nakubaliana nawe nusu. Huku kwetu juu ya genge la Nandi, ule ukingo mkali wa nyanda za juu, tunalima kwenye migongo ya vilima vya mviringo, na kwa hesabu yako tungekuwa na udongo maskini kuliko wote. Hatuna. Mwamba wetu ni lava ya kale iitwayo fonolaiti, na udongo uliotokana nayo una mfinyanzi mwingi, kina cha mita kadhaa, na mabonge yenye kung'aa pembeni ukiyavunja kwa mkono. Maafisa wa kilimo huuita nitisoli. Ni wenye asidi, naam, lakini mchai haujali. Unapenda uchachu wa pH (kipimo ambacho kikishuka, asidi huzidi) kati ya 4.5 na 5.6, na alumini inayoidhuru mizizi ya mahindi haiisumbui mizizi yake. Kwa hiyo, kabla ya kuzungumzia mteremko, tuulizane kwanza kuhusu jiwe.

Kisha kuna mvua yenyewe. Umesema mvua ni moja, lakini genge hili ndilo linaloigawa. Upepo wa mchana kutoka ziwani hupanda huku, hukutana na ule wa mashariki, na alasiri mawingu hujikusanya juu yetu. Wakulima wa chai wa Nandi na Kericho wanaijua mvua ya mawe inayotoka humo. Umbo la ardhi, basi, huanza kuunda udongo hata kabla ya tone la kwanza kufika chini.

Mzee_wa_Vihiga

Mama amenena kweli kuhusu jiwe. Sisi wa Maragoli tumekaa juu ya matale. Majabali makubwa yamesimama vilimani, mengine yamebebana, kama lile Jiwe Linalolia la Ilesi ambalo wageni hupelekwa kuliona. Matale yakioza hutoa mchanga mwingi wa chembe kubwa, na mchanga hauzuii kitu. Shamba lililo chini tu ya jabali lina kisa chake: maji yote yaliyoliangukia jabali hushuka kwa pamoja na kuchimba mfereji, ilhali umbali wa hatua chache pembeni, ambako jabali limezuia udongo usiteremke, unaweza kupanda ndizi na zikanenepa.

Naongeza la jua, kwa kuwa vijana husoma vitabu vya Ulaya na kuja kutuuliza ni upande upi wa kilima ulio mkavu. Hapa tuko karibu kabisa na mstari wa ikweta. Jua huwa kaskazini nusu ya mwaka na kusini nusu nyingine, na halipendelei upande wowote. Kinachotofautisha pande za kilima kwetu ni upande ambao mvua hutokea.

Mwalimu_Isiukhu

Nawashukuru wote wawili. Mama, sikatai mwamba. Naukubali kama mtaji ambao kila udongo huanza nao. Hata hivyo, umbo la ardhi ndilo linaloamua mtaji huo utatumika kwa kasi gani. Vilima vyenu vya mviringo havijawa bapa. Vina mwinamo wa kutosha kuondoa udongo uliochoka, na mwamba wa lava unaooza kwa wepesi huuongezea mwingine kutoka chini. Ninapouita udongo wa juu kuwa maskini nakusudia zile nyanda bapa za kale ambazo hazimomonyoki kabisa. Huko udongo ni kama majani ya chai yaliyochemshwa mara nyingi: rangi ipo, ladha imekwisha.

Jambo hili limepimwa kwingine. Katika kisiwa cha Kauai, Hawaii, penye lava ya takriban miaka milioni 4, watafiti walilinganisha nyanda bapa za juu na miteremko iliyochongwa na mito. Juu, virutubisho vinavyotoka kwenye mwamba vilikuwa vimekaribia kwisha, na msitu ulitegemea kwa kiasi fulani vumbi linaloletwa na upepo kutoka bara Asia. Sehemu za chini za miteremko, ambazo mmomonyoko ulikuwa umezifanya upya, zilikuwa na fosforasi na kalsiamu zaidi. Kwa hiyo mmomonyoko wa polepole, chini ya msitu unaoshika ardhi, si adui wa rutuba. Nathubutu kusema kwamba katika nchi ya mvua nyingi ni mmoja wa wazazi wake. Ukiukata msitu, kasi hubadilika na hesabu hupinduka, kwa sababu udongo wa juu huondoka upesi kuliko mwamba unavyoweza kuoza. Hapo mteremko uliokuwa tajiri ndio unaofilisika kwanza.

Tusidhani pia kwamba bonde huwa na rutuba kila mahali. Karibu na Manaus, katika Amazon ya Brazili, nyanda za juu zina mfinyanzi mzito wa manjano, na kadiri unavyoteremka mfinyanzi hupungua, hadi bondeni unakuta mchanga mweupe usio na karibu chochote. Maji yenye asidi ya majani yaliyooza yameharibu mfinyanzi na kuuondoa, na mito inayotoka huko, Rio Negro ukiwamo, ina maji meusi. Hapo hapo Manaus, kingo za mto Solimões zinazofurika kila mwaka zina rutuba, kwa sababu tope lake linatoka milima ya Andes. Ukiulizwa kama bonde ni zuri, jibu hutegemea mto umetoka wapi.

Dhahabu_Ikolomani

Mimi si msomi wa udongo, ila kazi yangu ni kushuka ndani yake. Tangu miaka ya 1930, dhahabu ilipowaleta Wazungu wengi Kakamega, watu wa huku wamekuwa wakichimba mashimo, na ukuta wa shimo hauna siri. Juu kuna udongo mwekundu laini usio na jiwe hata moja. Ukishuka kiasi, unakutana na mkanda wa mawe ya kwatzi, mawe meupe yenye pembe kali, yaliyopangika kana kwamba mtu aliyamwaga kwa makusudi. Chini yake kuna mwamba uliooza, ambao bado una mistari yake lakini unaukata kwa jembe. Mwamba mgumu uko mbali zaidi.

Mkanda huo haulali mlalo kamili. Hufuata mwinamo wa kilima. Wazee wetu huufuata wakitafuta dhahabu, kwa kuwa vitu vizito hubaki humo. Mwalimu, nani aliyeyapanga mawe hayo?

Mwalimu_Isiukhu

Ndugu yangu, mshukiwa mkuu ni mchwa. Mchwa hupandisha juu chembe ndogo tu, zile anazoweza kuzibeba mdomoni, ili kujenga kichuguu. Kichuguu kikifa, mvua hukibomoa na kukitandaza. Baada ya vizazi vingi vya mchwa, tabaka lote la juu huwa limepitia midomoni mwao, na mawe wasiyoweza kuyainua hubaki chini yakiwa mkanda. Maelezo mengine ni kwamba mawe hayo yaliwahi kuwa juu ya uso zamani, yakateremka na mteremko, kisha yakafunikwa. Nadhani mahali pengi yote mawili yalitokea. Ndiyo maana udongo wa kichuguu cha kale, ambao una mfinyanzi na mara nyingi kalsiamu zaidi kuliko ule unaokizunguka, hustawisha mboga hata katikati ya shamba lililochoka.

Busia_Mpakani

Huku kwetu Busia, na hata upande wa Mumias, tatizo halisi ni murram, lile tabaka gumu la changarawe nyekundu. Unalima vizuri juu ya shamba, unateremka kidogo, na jembe linagonga chuma. Miwa inayopandwa hapo hunyauka wiki mbili tu baada ya mvua kukatika. Nimewahi kuambiwa kwamba murram ni mwamba wa chini uliojitokeza. Je, ni kweli? Maana tukichimba zaidi tunakuta udongo laini chini yake.

Mwalimu_Isiukhu

Si mwamba wa asili. Ni udongo uliogeuka kuwa jiwe, na umbo la ardhi ndilo lililochagua mahali. Chuma kisichopata hewa huyeyuka na kusafiri ndani ya maji ya chini ya ardhi kutoka sehemu za juu. Kinapofika mahali ambapo kina cha maji hupanda wakati wa masika na kushuka wakati wa kiangazi, hewa huingia, chuma hukauka na kuganda kuwa madoa mekundu, kisha vipele, kisha bamba. Mahali hapo kwa kawaida ni sehemu ya chini ya mteremko, kabla tu ya kinamasi. Udongo wa juu ukiondolewa na bamba likapigwa na jua na mvua kwa zamu, huwa gumu lisilorudi tena kuwa laini. Ndiyo maana unakuta udongo laini chini yake.

Kuna la kushangaza zaidi. Bamba likishakuwa gumu hulinda kilicho chini yake, na ardhi laini inayolizunguka ndiyo inayomomonyoka. Baada ya muda mrefu sana, palipokuwa chini panakuwa juu. Vilima vile vyenye vichwa bapa vinavyoizunguka Kampala vina kofia ya murram ya namna hiyo. Basi murram iliyo chini ya mteremko na ile iliyo kileleni zinaweza kuwa za ukoo mmoja, ila za umri tofauti.

NyarKano

Wote mmezungumza mkiwa juu. Mimi naandika kutoka Ahero, mahali ambapo vyote mnavyovipoteza huishia. Tambarare ya Kano imezungukwa na genge la Nandi upande wa kaskazini na uwanda wa juu wa Nyabondo upande wa kusini, na mto Nyando hupita katikati kuelekea ziwani. Udongo wetu ni mweusi, wa pamba. Ukiwa mkavu hupasuka nyufa ambazo mguu wa ng'ombe huzama. Ukilowa hauingiliki kwa jembe wala kwa trekta. Nyumba hupata nyufa, nguzo za ua huinama. Lakini mpunga huupenda, na mradi wa umwagiliaji wa Ahero umekuwapo tangu 1969 kwa sababu maji yakisimama hapa hayapotei chini.

Swali langu kwa Mwalimu ni hili: iwapo udongo huu umetoka kwenu juu, mbona si mwekundu?

Mwalimu_Isiukhu

Dada, swali lako ndilo kiini cha uzi mzima. Kilichofika kwenu si udongo mwekundu peke yake. Kilifika pia kile kilichoyeyushwa kutoka kwake. Silika, kalsiamu na magnesiamu zilizoondolewa juu zilishuka ndani ya maji, na kwa kuwa Kano ni bapa na ina kiangazi chenye jua kali, maji hukauka na kuviacha hapo. Vikikutana, huunda mfinyanzi mpya wa aina ya smektaiti, ambao hunywa maji na kuvimba, kisha hukauka na kusinyaa. Uwezo wa kaolini wa kushika virutubisho, kwa kipimo kinachotumiwa na maabara, ni kati ya 3 na 15, ilhali ule wa smektaiti ni kati ya 80 na 120. Ule weusi, kwa hiyo, hauoneshi kwamba mboji ni nyingi sana. Mboji ni ya wastani tu, ila imeshikamana na mfinyanzi huo kwa namna inayoupaka wote rangi.

Kwa maneno mengine, feralsoli ya Kakamega na udongo mweusi wa Kano ni nusu mbili za hesabu moja, na makumi machache ya kilomita tu ndiyo yanayozitenganisha. Ningeongeza nusu ya tatu, kama hesabu ingeruhusu, nayo ni kinamasi cha Yala. Huko maji hayakauki, mafunjo hufa bila kuoza kikamilifu, na udongo hujengwa na mimea yenyewe. Katikati ya Kongo jambo hilo hilo limetokea kwa ukubwa usiofikirika: mwaka 2017 watafiti walitangaza kwamba chini ya misitu ya kinamasi ya bonde hilo kuna mboji ya maji yenye eneo la takriban kilomita za mraba 145,000, iliyohifadhi karibu tani bilioni 30 za kaboni. Kilichoiweka hapo ni ubapa wa ardhi tu. Maji hayana mwinamo wa kuyaondoa.

Mwanafunzi_Maseno

Shikamoo Mwalimu, na shikamooni wazee. Nimefuatilia uzi huu tangu mwanzo. Nyumbani kwetu, karibu na Luanda, tuna kishamba chembamba kinachoanzia barabarani na kushuka hadi kijitoni, na baba hupeleka sampuli moja ya udongo maabara, iliyochanganywa kutoka kila pembe, kisha anaweka mbolea ya DAP sawasawa juu hadi chini. Je, utaratibu huo una maana?

Mama_Chai_Nandi

Mwanangu, marahaba. Sampuli iliyochanganywa juu na chini hutoa wastani wa mashamba mawili ambayo hayapo.

Mwalimu_Isiukhu

Marahaba. Mama amelijibu kwa ufupi. Niongeze namna ya kufanya. Ligawe shamba kwa mwinamo, usiligawe kwa mipaka ya ua: juu karibu na barabara, katikati penye mteremko, na chini karibu na kijito. Kila sehemu iwe na sampuli yake iliyokusanywa kutoka mahali kadhaa, kwa kina cha sentimita 20 hivi, bila kuchukua kwenye kichuguu wala mahali palipochomwa takataka.

Juu tarajia asidi na upungufu wa fosforasi. Oksidi za chuma huikamata fosforasi ya mbolea na kuing'ang'ania, kwa hiyo mbolea iwekwe shimoni karibu na mbegu, isitapanywe. Iwapo pH iko chini ya 5.5, chokaa kitangulie, kwa kuwa alumini ndiyo inayoifanya mizizi iwe mifupi, na DAP ikitumiwa mwaka baada ya mwaka huongeza asidi. Majani ya alizeti pori, ile inayomea kwenye ua za huku kwetu, yana naitrojeni, fosforasi na potasiamu za kutosha kuyafanya kuwa mbolea ya kijani, na yalifanyiwa utafiti mwingi huko huko kwenu Maseno. Utafiti wa miaka ya 1990 katika eneo hilo ulikuta pia naitreti nyingi iliyojikusanya kati ya nusu mita na mita mbili chini ya mahindi, mahali ambapo mizizi mingi ya mahindi haifiki. Udongo huu mwekundu una chaji inayoishika naitreti huko chini, na miti ya mizizi mirefu kama sesbania huweza kuirudisha juu.

Katikati, kazi ya kwanza ni kuushika udongo. Panda mistari ya nyasi za matete kukatiza mteremko, acha mabua ya mahindi yalale kwenye mistari hiyo, na usiruhusu maji ya barabarani yaingie shambani. Siku hizi barabara ndizo zinazochimba makorongo mengi kuliko mvua yenyewe.

NyarKano

Naunga mkono. Aende Katuk Odeyo, Nyakach, akaone korongo lilivyomeza mashamba na njia.

Mzee_wa_Vihiga

Na kule chini kijitoni? Sisi tumepanda nduma hapo tangu zamani bila mbolea yoyote, na wafinyanzi wa Ilesi huchukua udongo wao mahali pa namna hiyo hiyo. Je, nako atie chokaa?

Mwalimu_Isiukhu

Mzee, hapana, si kabla ya kupima. Udongo wenye asidi ukifunikwa na maji kwa wiki kadhaa, pH yake hupanda yenyewe kuelekea katikati, na chuma kinachoyeyuka huiachilia fosforasi kilichokuwa kimeishika. Nduma zenu zimekuwa zikila fosforasi hiyo, pamoja na ile iliyoteremka kutoka shamba la juu. Akichimba mitaro na kuukausha udongo huo ili apande mahindi, chuma kitaganda tena, fosforasi itakamatwa upya, na mwinuko ule wa pH utarudi chini. Sampuli ya sehemu hiyo ichukuliwe udongo ukiwa katika hali atakayoulimia: ukiwa na maji iwapo ni nduma, na ukiwa umekauka iwapo ameamua kuweka mitaro.